Majibu ya kipimo yamebadilika, nifanyeje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kukatika pumzi usingizini, Mwanza na kando ya ziwa

Maswali haya yametoka kwa wagonjwa na wenza wao wa Mwanza, Sengerema, Ukerewe na Geita. Mengi yanaulizwa na mtu aliyekwisha kupimwa, akazoea jina la ugonjwa wake, halafu kipimo cha pili kikasema jambo jingine. Anayejibu ni mgonjwa mwenzenu anayelala na mashine ya kusukuma hewa kooni (CPAP), si daktari. Yanayohusu dozi na upasuaji yamalizie kwa daktari wako.

## Mambo ya mwanzo

Kukatika pumzi usingizini ni nini hasa?

Ukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu inalegea kupita kiasi: ulimi unarudi nyuma, kaakaa laini linashuka, na njia ya hewa inajifunga kama mrija laini unaofyonzwa kwa nguvu. Kifua kinaendelea kuhangaika lakini hewa haipiti. Ikikaa hivyo sekunde 10 au zaidi, wapimaji wanahesabu tukio moja. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, unatoa mkoromo mkubwa, unavuta hewa, unarudi kulala. Asubuhi hukumbuki kitu. Unabaki na kichwa kizito, mdomo mkavu na usingizi unaokufuata hadi mchana.

Hiyo ndiyo apnia ya kuziba, na ndiyo waliyo nayo wengi. Ipo nyingine ambayo koo liko wazi ila ubongo hautoi amri ya kupumua. Tazama swali la apnia ya ubongo hapo chini.

Mama mkwe anasema nakabwa na jinamizi. Tutofautisheje?

Anayekabwa na jinamizi kwa kawaida anakumbuka: alikuwa macho, hawezi kusogea, anahisi mtu kamkalia kifuani, kisha ikaachia. Mwenye apnia mara nyingi hajui lolote. Anayejua ni aliyelala pembeni, aliyesikia mkoromo ukikatika ghafla, kimya kikapita, kisha mtu akashtuka kwa kuhema. Mwombe mwenzako arekodi sauti kwa simu usiku kucha, na dakika chache za video pale pumzi zinapokatika. Daktari akiisikia hiyo kimya, maelezo yako mengine yanakuwa mafupi.

Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Si lazima ubishane na mama mkwe ndipo uende kupima.

Kila anayekoroma ni mgonjwa?

Hapana. Ila anayekoroma na kukatika pumzi, au anayekoroma huku presha yake haishuki kwa dawa tatu, asingoje.

Ile namba iliyoandikwa AHI kwenye ripoti inasomwaje?

Ni wastani wa mara ambazo pumzi ilikatika kabisa au ilipungua sana kwa kila saa moja. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida. 5 hadi chini ya 15 ni kiwango kidogo. 15 hadi chini ya 30 ni cha kati. 30 na kuendelea ni kikali. Watoto wana kipimo chao, na kwao hata tukio moja kwa saa linatosha kumfanya daktari aangalie zaidi.

Namba hiyo haisemi kila kitu. Angalia pia oksijeni ilishuka hadi asilimia ngapi na ilikaa huko muda gani. Watu wawili wenye AHI ya 20 wanaweza kuwa na usiku tofauti kabisa: mmoja oksijeni yake haishuki chini ya 90, mwingine inafika 70.

## Majibu yamebadilika

Kwanza niliambiwa ni kiwango cha kati, sasa naambiwa kikali, na nyingine imesema kidogo. Nani kakosea?

Pengine hakuna aliyekosea. Kabla hujabadili tiba, tafuta jibu la swali moja: kilichobadilika ni mwili wako au ni namna ulivyopimwa? Watu wanaruka hapo, wanakwenda moja kwa moja kununua au kutupa mashine.

Tuanze na namna ya kupima. Kifaa cha nyumbani, kile cha mkanda kifuani, mrija puani na kibana kidole, mara nyingi hakijui umelala kwa saa ngapi. Kinajua kimewashwa kwa saa ngapi. Chukua mtu aliyekaa kitandani kwa saa 8 lakini akalala kwa saa 4 tu, akipata matukio 120. Kifaa kitagawa 120 kwa 8 na kusema 15. Maabara yenye waya za kichwani zinazoona usingizi wenyewe itagawa kwa 4 na kusema 30. Usiku huohuo, koo lilelile, na mgonjwa ametoka kiwango cha kati hadi kikali.

Halafu kuna kanuni ya kuhesabu. Pumzi iliyopungua bila kukatika kwa kawaida inahesabiwa ikiwa oksijeni ilishuka. Ishuke kiasi gani? Wapo wanaotumia asilimia 4. Kanuni ambayo wataalamu wa usingizi wa Marekani waliipendekeza 2012 inakubali asilimia 3, au hata kushtuka kwa ubongo bila oksijeni kushuka. Ripoti mbili zenye kanuni tofauti hazilinganishwi. Uliza, “Hii imehesabiwa kwa 3 au kwa 4?” Swali hilo haliudhi mtaalamu yeyote anayejua kazi yake.

Kuna pia usiku wenyewe. Ukilala chali koo linaziba zaidi. Ukinywa bia kadhaa, misuli inalegea zaidi. Ukiwa na mafua, pua imeziba. Usingizi wa ndoto, ambao ni mwingi kuelekea alfajiri, ndio mbaya zaidi kwa wengi, na aliyeamka saa tisa usiku kuwahi boti amekosa sehemu kubwa ya usingizi huo.

Na mwili hubadilika kweli: uzito, umri, kukoma hedhi, tezi ya shingo kufanya kazi polepole, moyo kudhoofika. Mwenye miguu inayovimba mchana, maji yale hupanda kuelekea shingoni akilala na kubana koo, kwa hiyo kubadilishiwa dawa za maji peke yake kunaweza kusogeza namba.

Kifaa cha nyumbani kimesema sina apnia, lakini mke wangu anaona pumzi zikikatika. Nimwamini nani?

Mwamini mke, urudi kupima. Kipimo cha nyumbani kikisema unayo, mara nyingi unayo. Kikisema huna wakati dalili zote zipo, hakijafunga mjadala.

Jambo moja linatuhusu sisi hasa: kipimo cha oksijeni cha kidoleni huelekea kusoma juu kuliko hali halisi kwenye ngozi nyeusi. Hilo limeonekana wazi katika tafiti za hospitali, na maana yake ni kwamba mishuko midogo inaweza kupita bila kuhesabiwa. Ongeza piko au rangi ya kucha, usomaji unaharibika zaidi. Dada zetu, siku ya kupimwa achieni kidole kimoja kitupu.

Nimepungua uzito sana. Naweza kuacha mashine?

Inawezekana, lakini pima kwanza. Utafiti wa Wisconsin uliochapishwa 2000 ulionyesha kwamba aliyepungua asilimia 10 ya uzito wake, AHI yake ilishuka kwa karibu asilimia 26, na aliyeongezeka asilimia 10 ilipanda kwa karibu asilimia 32. Sasa fanya hesabu: aliyeanza na 50 akashuka kwa asilimia 26 bado ana 37, na hicho bado ni kiwango kikali. Aliyeanza na 6 anaweza kuwa ametoka kabisa.

Kipimo cha marudio hufanywa bila mashine, na madaktari wengi hutaka uwe umeiacha siku kadhaa kabla, maana koo lililopumzishwa na mashine hukaa na nafuu kwa muda. Siku hizo usiendeshe gari.

Mashine yangu inaonyesha 2 kila asubuhi. Nimepona?

Hapana. Hiyo 2 ni matukio yaliyobaki wakati mashine inafanya kazi. Inakuambia tiba inafanya kazi. Haikuambii koo lako likoje bila hewa. Ivue, na kwa wengi ugonjwa unarudi usiku huohuo wa kwanza.

Sasa naambiwa ni apnia ya ubongo. Ni mbaya zaidi?

Ni tofauti, na inabadilisha tiba, kwa hiyo usiichukulie kama jina jipya tu la kitu kilekile. Hapa koo halijaziba. Ubongo unasahau kutoa amri. Sababu zake zinazojulikana ni moyo dhaifu, kiharusi, na dawa za maumivu kali za jamii ya afyuni, tramadoli ikiwemo. Tramadoli inazunguka mitaani kuliko inavyopaswa, hasa kwa wanaofanya kazi za nguvu, na wengi hawaitaji kwa daktari kwa sababu hawakuandikiwa. Itaje.

Kuna wanaoanza na apnia ya kuziba, wakipewa mashine, apnia zile za kuziba zinapungua na za ubongo zinajitokeza. Kwa wengi hali hiyo huisha yenyewe wiki au miezi michache wakiendelea na mashine. Ndiyo maana daktari anaweza kukuambia usubiri, na si uzembe.

Onyo moja. Ipo mashine inayopima kila pumzi na kukusukumia hewa inapoona umesahau. Utafiti mkubwa uliotolewa 2015 uliona vifo vya moyo vimeongezeka kwa waliopewa mashine hiyo huku moyo wao ukisukuma asilimia 45 au chini. Usiinunue wala usiiazime kabla ya kupimwa moyo kwa ultrasaundi.

Daktari ameshusha kiwango changu kuwa kidogo na sisinzii mchana. Bado nitibiwe?

Hapa madaktari wenyewe hawasemi kauli moja, na nadhani ni haki yako kulijua hilo. Utafiti wa SAVE, uliochapishwa 2016 kwa watu waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa ya ubongo, haukuona mashine ikipunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Wastani wao wa kuvaa ulikuwa saa tatu na kidogo tu kwa usiku. Kilichopungua ni kusinzia na kukoroma, na hali ya furaha ikapanda. Kwa hiyo mwenye kiwango kidogo, asiye na dalili, presha yake ikiwa sawa, anaweza kuanza na kulala ubavu na kupunguza uzito, apimwe tena baadaye. Presha ikiwa inasumbua, hesabu inabadilika.

Nipate maoni ya pili wapi?

Kwa Kanda ya Ziwa, anzia idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya Bugando, au omba rufaa kutoka hospitali ya Sekou Toure. Chukua nakala ya ripoti nzima, siyo ile karatasi ya mwisho yenye namba moja. Ndani ya ripoti ndimo mlimo matukio ya kulala chali na ya ubavu yaliyotenganishwa, saa za kulala, na oksijeni. Bila hivyo daktari wa pili anabahatisha. Ukiwa na bima, uliza kwa maandishi kabla ya kupima nini inalipa: kipimo, mashine, au barakoa peke yake.

## Kuchagua tiba

Lazima iwe mashine ya CPAP?

Si lazima, ila ndiyo yenye uhakika zaidi wa kufungua koo, hasa kwa kiwango kikali. Ilibuniwa Sydney na daktari Colin Sullivan na kuchapishwa 1981. Kabla ya hapo mgonjwa mahututi alitobolewa koo. Inasukuma hewa ya kawaida, si oksijeni, kupitia barakoa ili koo lisijifunge.

Maoni yangu: kifaa cha mdomoni kinachovaliwa usiku kucha kina faida kuliko mashine nzuri iliyofungiwa kabatini. Linganisha tiba kwa saa utakazoitumia kweli.

Kifaa cha mdomoni kinafanyaje kazi?

Kinavaliwa juu na chini ya meno na kuvuta taya la chini mbele kidogo, ulimi nao unafuata. Kinafaa zaidi kiwango kidogo na cha kati, na kwa aliyeshindwa mashine. Lazima daktari wa meno akutengenezee kwa vipimo vya mdomo wako na kukisogeza taratibu. Unahitaji meno ya kutosha yaliyo imara; mwenye meno ya bandia kinywa kizima au fizi zinazotikisa meno hakimfai. Taya linauma wiki za mwanzo, na baada ya miaka meno yanaweza kubadili yanavyokutana. Ukishakipata, pimwa ukiwa umekivaa. Kukoroma kuisha hakuthibitishi kwamba apnia imeisha.

Kulala ubavu kunatosha?

Kwa baadhi, ndiyo. Angalia ripoti: ikiwa namba ya chali ni mara mbili au zaidi ya namba ya ubavu, na ya ubavu iko karibu na kawaida, una bahati. Shona mfuko mgongoni mwa fulana, weka mpira wa tenisi. Wengine wanafunga kibegi. Ikiwa namba zote mbili ziko juu, mpira wa tenisi utakunyima usingizi bure.

Sindano za kupunguza uzito je?

Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide kwa watu wazima wanene wenye apnia ya kiwango cha kati hadi kikali, dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa ugonjwa huu. Katika majaribio ya mwaka mmoja ilipunguza matukio kwa zaidi ya 20 kwa saa. Ni dawa ya kweli, lakini ni ghali, inahitaji kutunzwa baridi, na haiwafai wote, kwa mfano wenye historia ya baadhi ya saratani za tezi ya shingo katika familia. Ile inayouzwa kwa simu bila sanduku lake, kwenye joto la stendi, iache.

Wembamba wenye apnia wapo pia. Taya dogo au lililorudi nyuma halitibiwi na sindano ya uzito.

Nimeshauriwa nikakatwe kimeo. Itasaidia?

Hapana, na usikubali. Kimeo kinalaumiwa kwa kikohozi, kutapika, mtoto kukonda, na sasa kukoroma. Anayekikata kienyeji anatumia chombo kisichochemshwa, na watu wamevuja damu na kupata maambukizi mabaya kwa sababu hiyo. Koo linaziba kwa ulimi, kaakaa na kuta za pembeni. Kuondoa kipande kile kinachoning’inia hakugusi chanzo. Kidonda kikipona kwa kovu, koo linaweza hata kubana zaidi.

Na upasuaji wa hospitali?

Hilo ni jambo jingine. Tonsili kubwa, nyama za puani, mfupa wa pua uliopinda, taya: kila kimoja kina upasuaji wake. Upasuaji wa kaakaa kwa mtu mzima una matokeo yasiyotabirika, wengine wanapona, wengine wanabaki na nusu ya tatizo, ndiyo maana ni vizuri daktari aangalie kwa kamera mahali panapoziba. Upasuaji wa pua mara chache unaondoa apnia wenyewe, lakini unaweza kukuwezesha kuvumilia barakoa. Kifaa cha kupandikizwa kifuani kinachosisimua neva ya ulimi kipo, Marekani kiliidhinishwa 2014, na gharama yake ni ya kuuza nyumba.

Kwa nini wasinipe mtungi wa oksijeni tu?

Kwa sababu oksijeni haipiti mlango uliofungwa. Inaweza kupandisha namba ya kidoleni huku vipindi vya kukatika pumzi vikirefuka, na kwa baadhi hewa chafu ikajaa mwilini.

Mazoezi ya koo, mitishamba, vibandiko vya pua?

Mazoezi ya ulimi na koo, yakifanywa kila siku kwa miezi, yanapunguza matukio kiasi. Uswisi waliwahi kufundisha watu kupuliza ala ndefu ya Australia iitwayo didgeridoo, na matukio yakapungua kweli. Utafiti ulichapishwa 2006. Kwa hiyo kwaya ikikutaka, nenda, ila usivue barakoa. Vibandiko vinafungua pua tu. Mitishamba yenye kukulaza fofofo ndiyo ya kuogopa, kama ilivyo kwa valiamu na pombe: inalegeza koo na kuchelewesha kushtuka.

## Mashine nyumbani

Umeme ukikatika usiku?

Barakoa zina matundu ya kupumulia, hutakosa hewa. Utaamka au utaendelea kulala na koo lako la zamani. Anayetaka usiku mzima atumie betri. Mashine nyingi zisizo na kiyeyusha mvuke hutumia takriban wati 30 au chini. Betri ya sola ya amperi-saa 100 ya volti 12 ina wati-saa 1,200, na kwa betri ya asidi usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Hapo usiku mmoja au miwili inapatikana. Kinachokula umeme ni kipasha maji, kizime ukiwa kwenye betri. Nunua waya wa moja kwa moja wa volti inayotakiwa na mashine yako, nyingine ni 12, nyingine 24, kuliko kupitia inveta inayopoteza chaji.

Tangi la maji nijaze maji gani?

Maji yaliyotoneshwa. Mafundi wanayaita maji ya betri, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kwenye rafu ileile kuna asidi ya betri katika chupa inayofanana. Soma lebo, na ukiwa na shaka usitumie. Yakikosekana, chemsha maji, yapoe, uyatumie siku hiyo na kumwaga yaliyobaki asubuhi. Yataacha ukoko mweupe utakaousugua kwa siki iliyopunguzwa. Maji ya ziwa yasiyochemshwa kamwe. Mwanza kuna unyevu wa kutosha miezi mingi, na wengi wanalala bila tangi bila kukauka koo.

Mrija na chandarua vinapatanaje?

Usivue chandarua kwa ajili ya mashine; malaria haisubiri. Weka mashine chini, pembeni mwa kitanda, kwenye kistuli kilicho chini kuliko kichwa. Pitisha mrija chini ya pindo la chandarua upande wa kichwani, kisha chomeka pindo chini ya godoro pande zote mbili za mrija. Acha urefu wa kutosha kujigeuza. Wengine wanaufunga mrija juu ya kichwa cha kitanda kwa kitambaa laini ili usivute barakoa.

Vumbi na wale wadudu wa ziwani?

Wakija kama moshi kutoka ziwani na taa zimewashwa, wanaishia kwenye filta. Zima taa, funga dirisha la upande wa ziwa, angalia filta asubuhi. Filta ya sponji inaoshwa na kukaushwa kabisa. Ile nyeupe ya karatasi haioshwi, inabadilishwa. Kiangazi, barabara za vumbi za pembezoni kama Buhongwa au Kisesa zitakulazimisha kubadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Nimepata mashine iliyotumika kutoka nje. Ni salama?

Inaweza kuwa. Angalia mambo haya kabla ya kulipa. Soma kibandiko cha chaja: kikiwa 100–240V ni sawa, kikiwa 110V tu itaungua. Washa uone imetumika saa ngapi. Tafuta namba yake: Juni 2021 kampuni ya Philips ilitaka mamilioni ya mashine zake zirudishwe kwa sababu sponji ya kuzuia sauti ndani yake ilikuwa ikimeguka, na nyingi bado zinazunguka kwenye soko la mitumba. Barakoa na mrija nunua vipya. Mwisho, shinikizo lililowekwa ni la mwenye mashine wa kwanza, si lako. Daktari au fundi aliyefundishwa aliweke upya.

Siwezi kuivaa. Nahisi nakosa hewa.

Mara nyingi ni barakoa isiyokutosha au hewa inayoanza kwa nguvu. Ivae mchana ukiangalia taarifa ya habari, kwanza bila kuwasha, kisha imewashwa. Kuna kitufe cha kuanza polepole. Pua ikiziba, itibu kwanza. Ndevu zinavujisha hewa. Barakoa ya matundu ya pua inaweza kukufaa kuliko kubwa. Na kama tatizo ni kwamba hulali tu, unakodoa macho na barakoa usoni, hiyo ni shida ya usingizi ya pili inayohitaji tiba yake, mwambie daktari.

Kuhusu aibu mbele ya mwenza: ni kubwa zaidi kichwani mwako kuliko kitandani. Wengi wa wenza wetu wamesema kelele ya mashine ni afadhali kuliko ile ya zamani.

## Hali za pekee

Mimi ni mvuvi wa dagaa, nalala mchana. Nipimwe lini?

Pimwa saa unazolala kweli, na usipimwe asubuhi ya kwanza baada ya giza refu la kazi, kwa maana kukosa usingizi kunazidisha kulegea kwa koo. Siku za mbalamwezi, mnapopumzika, ni nzuri kama utakuwa umelala vya kutosha siku kadhaa kabla. Mweleze mpimaji ratiba yako ili asiandike kwamba umelala “usiku” saa ambazo ulikuwa ziwani na taa. Mashine nayo unaivaa kila unapolala, mchana ukiwemo.

Dereva wa basi au bodaboda je?

Ukisinzia kwenye foleni au umeshtuka umehama upande wa barabara, weka funguo chini hadi utibiwe. Kahawa haifungui koo. Nahodha wa boti, hili ni lako pia.

Mtoto anakoroma na kulala mdomo wazi.

Kwa watoto chanzo kikubwa ni tonsili na nyama za puani, na kuziondoa ndiyo tiba ya kwanza kwa wengi. Mtoto mwenye apnia mara nyingi hasinzii mchana. Anakuwa mtukutu, hashiki masomo, anakojoa kitandani, anatoa jasho usiku. Kanda yetu ina watoto wengi wenye selimundu, na kwao oksijeni kushuka usiku ni jambo zito. Usisubiri akue.

Mjamzito?

Apnia inaweza kuanza au kuzidi katika ujauzito na inahusishwa na presha ya mimba. Mtajie mkunga kliniki. Baada ya kujifungua pima tena, maana ni mojawapo ya nyakati majibu hubadilika kihalali.

Nafanyiwa upasuaji wa ngiri. Apnia inahusika?

Sana. Mwambie mtoa nusukaputi, hata kama kiwango chako “kimeshuka”. Nenda na mashine yako wodini. Dawa kali za maumivu baada ya upasuaji ndizo zinazoweza kukatisha pumzi.

Nikienda msibani Ukerewe kulala kwenye mkeka, watu wengi, umeme hakuna?

Swali hili linarudi kila mara, na halina aibu. Kama una betri ndogo, beba, lala karibu na ukuta. Huna, basi lala ubavu, kichwa na kifua vimeinuliwa kwa mto au begi la nguo, usiguse pombe, na mwombe ndugu wa jirani akugeuze akisikia kimya. Usiku mmoja au miwili bila mashine kwa wengi si janga, ila utaamka umechoka, kwa hiyo usirudi ukiendesha mwenyewe. Mwenye kiwango kikali, moyo dhaifu au oksijeni inayoshuka sana, aende mchana kuzika na kurudi na kivuko cha jioni, au alale kwa ndugu mwenye umeme Nansio.